Mkono Chini ya Kioo cha Nyuma

Gari la Floribert lilirudi Bukavu bila Floribert.

Lilivutwa kwa kamba, betri imekufa, nyuma ya lori la mchele kutoka bonde la Ruzizi, likapandishwa mlima wa Ngomo kwa tabu, na lilipoingia mtaani Nyalukemba lilikuwa limejaa vumbi jeupe la huko chini, hata rangi yake ya buluu haikuonekana. Honoré, mdogo wake Floribert, ndiye aliyekwenda kulichukua. Aliposhuka kwenye lori alimkuta shemeji yake Godelive amesimama kwenye barza ya nyumba, mikono ameifunga kifuani kama mtu anayesikia baridi.

"Gari tu?" aliuliza Godelive.

"Gari tu, shemeji. Yeye bado hawajamuona."

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa themanini na tatu. Floribert alikuwa agronome, bwana shamba wa serikali, na kazi yake ilikuwa kushuka bondeni kuwatembelea wakulima wa mpunga, toka Kamanyola mpaka mbele ya Luberizi. Safari ile aliaga kuwa angerudi Jumamosi. Jumamosi ikapita, na nyingine, na nyingine. Mwishowe gendarme, askari wa serikali, wakaliona gari kando ya barabara, mbele kidogo ya Luberizi, milango imefungwa, ufunguo ukining'inia mahali pake. Hapakuwa na damu, wala kioo kilichovunjika. Mkubwa wao alimwambia Honoré kwa sauti ya upole, "Citoyen, mto iko karibu, na ngambo ya mto ni Burundi. Wanaume banavukaka." Honoré hakurudia maneno hayo nyumbani.

Ukitaka kujua Floribert alikuwa mtu wa namna gani, ungeliangalia gari lake. Lilikuwa Peugeot 504 ya mkono wa pili, lakini kwenye ubao wa nyuma, chini ya kioo, alikuwa ameweka spika mbili alizoagiza Bujumbura. Bukavu tunaziita bafle. Zilikuwa pana kama sahani za kulia, zimevishwa kitambaa cheusi, na muziki ukitoka mle watu wa avenue nzima walijua agronome amerudi. Lakini pale chini ya kioo ndipo jua linapopiga kuliko sehemu yoyote ya gari, na Floribert aliliogopa jua kama wengine wanavyoogopa wezi.

"Ndani ya bafle ni karatasi, Gode," alikuwa akimwambia mke wake. "Karatasi na mpira kidogo. Jua ikikausha ile karatasi, inapasuka, na hakuna fundi wa kuirudisha."

Kwa hiyo alimwomba amshonee vifuniko viwili vya kitambaa kizito, cheupe juu na cheusi chini, vyenye lastiki pembeni. Hakuegesha gari kabla ya kutazama juu, jua liko wapi na litakwenda wapi, ndipo alipogeuza gari ili mgongo wake uangalie ukuta au kivuli. Hata akishuka kununua mkate tu, alivalisha vifuniko. Ikitokea amevisahau, alihamia kiti cha nyuma, akaweka kiganja juu ya bafle, na kumtuma Godelive mkate. Godelive alikuwa akimcheka, na yeye pia alicheka, lakini kiganja hakukitoa.

Siku ya pili baada ya gari kurudi, Godelive alichukua ndoo na kitambaa akaenda kulisafisha. Hakutaka mtu mwingine aliguse. Alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, uso ukielekea kioo, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba vifuniko alivyovishona havikuwapo. Bafle zilikuwa wazi, na jua lilikuwa limezila. Kitambaa kilichokuwa cheusi kilikuwa sasa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa.

Isipokuwa mahali pamoja. Kwenye bafle iliyokuwa kushoto kwake, katikati kabisa, weusi wa zamani ulikuwa umebaki. Ulikuwa na umbo la mkono.

Alidhani ni mafuta. Akapangusa kwa kitambaa chenye maji, akasugua na sabuni, lakini hakuna kilichotoka, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimepakwa. Kule kwingine kote ndiko kulikobadilika. Vidole vilikuwa vimetanuka, vikielekea kioo, na kidole cha mwisho kilikuwa kifupi kuliko inavyotakiwa. Floribert alikatwa kidole hicho na mashine ya kukoboa mpunga alipokuwa bado mwanafunzi.

Godelive aliweka mkono wake wa kushoto juu ya ule mkono. Ilikuwa saa sita mchana, gari lilikuwa juani tangu asubuhi, na chuma cha mlango kilikuwa kimemuunguza alipokuwa anaufungua. Lakini pale chini ya kiganja chake palikuwa na baridi, baridi yenye unyevu kidogo, kama ukuta wa kanisa.

Alimwita Honoré. Honoré alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari ya mjini, mtu wa maneno machache aliyependa kila jambo liwe na sababu yake. Alitazama muda mrefu.

"Rangi inakufa na mwangaza, shemeji," alisema mwishowe. "Pahali penye kitu kimefunika, rangi inabakia. Ni jambo la kawaida."

"Na kitu gani kilifunika hapa?"

Honoré aliinama, akaikagua tena ile alama.

"Ili rangi ibadilike hivi, inaomba muda gani? Saa moja? Siku moja?"

"Siku nyingi," alisema Honoré. "Wiki, pengine. Na hicho kitu kisisogee."

Mkono wa mtu hai hauwezi kukaa mahali pamoja juani wiki nzima. Na mkono wa mtu aliyekufa ungeacha harufu, ungeacha alama nyingine, na gendarme walisema gari lilikuwa safi.

Toka siku hiyo Godelive alilinda zile bafle kuliko Floribert alivyowahi kuzilinda. Alishona vifuniko vipya, akavitia kitambaa mara mbili. Aliliingiza gari kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akaning'iniza kikwembe, kitenge chake kimoja, kwenye kioo cha nyuma. Aliogopa kwamba jua likiingia tena litaufuta mkono ule, na hana kitu kingine. Kila mchana alitoka ofisini, alikokuwa sekretari, badala ya kula akaingia kwenye gari, akaondoa kifuniko, akaweka mkono wake juu ya ule mwingine, na kukaa. Alisikia baridi ikimpanda mpaka kwenye kiwiko. Majirani walimwona kupitia nafasi za mabati, na wakaanza kupunguza sauti alipopita.

Honoré alimwangalia akikonda. Alifikiri kwamba kinachomuua ni ile alama, na kwamba alama iliyotokana na jua inaweza kufutwa na jua. Akaja asubuhi moja, akasema anahitaji gari kwa kazi za shule, na Godelive hakuweza kumkatalia kwa kuwa lilikuwa gari la kaka yake. Honoré akalipeleka kwenye uwanja wa shule, mahali ambapo hakuna mti wala ukuta, akaligeuza ili mgongo uelekee jua, akavua vifuniko. Alifanya hivyo kila siku wiki ile yote. Jioni alivirudisha vifuniko na kuleta gari Nyalukemba, na hakusema kitu.

Godelive aligundua Jumapili, baada ya misa. Mama yake Floribert, Maman Nsimire, alikuwa amekuja kutoka Mudaka kuuliza habari za mtoto wake, kama alivyofanya kila Jumapili, na alikuwa amekaa kwenye barza na kapu lake la viazi aliposikia mkamwana wake akipiga kelele.

Honoré, aliyekuwa ndani ya nyumba, alitangulia kufika. Alimkuta Godelive amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, vifuniko viko chini.

"Ulifanya nini, Honoré? Ulifanya nini?"

"Nilitaka itoke," alisema Honoré. "Unajimaliza, shemeji. Nilitaka jua iifute, basi."

"Angalia sasa."

Honoré aliingiza kichwa. Bafle zilikuwa zimefifia zaidi, karibu rangi ya majani makavu ya mahindi. Hata kitambaa cha kiti kilikuwa kimepauka. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa palepale, mweusi kuliko mwanzo, kingo zake zikionekana kama zimekatwa kwa mkasi. Na kwenye bafle ya pili, ile ya kulia, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiona imepauka yote, palikuwa na mkono mwingine. Haukuwa mweusi sana bado. Ulikuwa kama kivuli kinachoanza kukolea. Ulikuwa mkono wa kulia, vidole vyake vitano vizima, navyo vikielekea kioo.

"Haiwezekane," alisema Honoré kwa sauti ya chini. "Rangi ikikufa, hairudiake. Haiwezekane."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga bati la kibanda.

Godelive alikuwa bado amepiga magoti. Polepole, bila kufikiri, aliweka mkono wake wa kushoto juu ya ule wa kushoto, na wa kulia juu ya ule wa kulia. Ili yote miwili ifike ilibidi anyooshe mwili na kuinua kichwa. Ndipo alipoelewa. Mtu akikaa hivyo, uso wake unakuwa karibu na kioo cha nyuma. Aliyeweka mikono ile hakuwa amelala wala kuanguka. Alikuwa amepiga magoti kama yeye, akiegemea bafle, akitazama nje, nyuma ya gari.

Maman Nsimire alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa mama mfupi, mkulima, mwenye rozari shingoni. Aliinama, akaona ile mikono, akaona kidole kifupi, akaishika rozari yake.

"Mutoto wangu," alisema. Kisha akaongeza: "Iko anaangalia kitu. Twende kule alibakiaka, tuone ile anaangalia."

"Maman, kule ni mbali, na jua ya bondeni ni kali," alisema Honoré. "Nitakwenda miye na Godelive."

"Miye ndiye nilimuzaa. Nitakwenda."

Waliondoka Jumatatu alfajiri. Honoré alishika usukani, Godelive akakaa kando yake, na Maman Nsimire nyuma. Waliacha vifuniko nyumbani. Godelive ndiye aliyetaka hivyo, na hakueleza sababu.

Barabara ya Ngomo inateremka kwa kona nyingi, mlima upande huu na shimo upande ule, na hewa inakuwa nzito kadiri unavyoshuka. Kwenye kona za juu Maman Nsimire alikuwa ametandaza kikwembe chake katikati ya kiti, rozari mkononi. Walipofika chini, jua likiwa limeshapanda na kuingia kwa nguvu kupitia kioo cha nyuma, Godelive alisikia kikwembe kikivutwa. Akageuka. Mama mkwe wake alikuwa amejisogeza pembeni kabisa, bega limebanwa na mlango, magoti ameyakusanya, kama unavyofanya ndani ya lori mtu mwingine anapoingia.

"Maman, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Endesheni."

Honoré alitaka kutazama kwenye kioo kidogo cha juu. Mkono wake ulikwenda ukakigeuza, kikaangalia paa la gari, na alikiacha hivyo safari yote.

Walipita Luberizi bila kusimama. Mbele kidogo Honoré alipunguza mwendo, akawaonyesha mahali alipokabidhiwa gari. Ulikuwa ni mti mkubwa kando ya barabara, matawi yake yameinama mpaka karibu na ardhi. Alishuka, akazunguka shina, akatazama juu, akatazama barabara upande huu na ule.

"Hapa jua haifikake," alisema. "Asubuhi hapana, jioni hapana. Gari haikuungulia hapa. Ilikuwa kwingine, halafu batu bakaileta."

Wakaendelea taratibu, vioo vimefunguliwa. Baada ya mwendo mdogo walikuta kijiji kidogo, nyumba chache za udongo, na kibanda chenye mashine ya kukoboa mpunga. Mbele ya kibanda palikuwa na uwanja mpana uliosawazishwa, ambapo wanawake walikuwa wakianika mpunga juani na kuugeuza kwa miguu. Mmoja aliinua kichwa akaliona gari. Hakupiga kelele. Aliacha tu kapu lake likaanguka, akaondoka mbio, na wengine nyuma yake, mpaka uwanja ukabaki mtupu na mpunga wake.

Mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, amesimama mlangoni mwa kibanda cha mashine, pumba zimemjaa nywele. Godelive alishuka akamwendea.

"Jambo, maman. Miye naitwa Godelive. Ni mke wa mwenye ile gari."

"Nilijua mutakuja," alisema yule mama. "Naitwa Rosalie. Ingieni ndani, jua ni mingi."

Aliwapa viti na maji. Yeye mwenyewe hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama, akiangalia chini, na mara moja moja akifuta mikono kwenye kikwembe ingawa haikuwa na kitu.

Floribert alifika pale siku moja mchana, akasimamisha gari kwenye uwanja wa kuanikia, akashindwa kushuka. Alikuwa anatapika na kuhara tangu asubuhi. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kinatembea bondeni, na yeye mwenyewe alijua ni kitu gani. Aliwaambia kupitia dirisha wasimkaribie. Alilala kwenye viti vya mbele, amekunja miguu, na muziki wake aliuacha ukilia kwa sauti ya chini. Rosalie alimchemshia maji, akatia chumvi na sukari, akaweka kwenye galoni karibu na mlango, akaondoka, akarudi kuijaza.

"Alikunywa?" aliuliza Maman Nsimire.

"Alikunywa, maman. Alisema asante kila mara. Lakini haikukaa ndani yake. Kabla jua itoke, alikuwa amekwisha."

Maman Nsimire alifumba macho. Honoré aliuliza kwa sauti kavu, "Na mulimupeleka wapi?"

"Tulimuzika asubuhi ile ile. Ugonjwa ule hauruhusu kungoja. Hatukukuwa na sanda. Tukatwaa koti yake, na vile vitambaa viwili vilikuwa nyuma, juu ya muziki. Kimoja tulimufunika uso. Kingine miye nilimufungia mikono hapa." Alijigusa kifuani. "Wanaume bakasafisha gari na chokaa. Halafu tukaogopa. Mutu wa serikali amekufa kwetu, watasema tulimupa sumu. Watafunga soko, watatufungia ndani ya ugonjwa. Tukanyamaza. Hiyo ni kosa yetu, siwezi kuikataa."

Godelive alikuwa ameikaza glasi ya maji mkononi. Hasira ilimpanda mpaka akashindwa kuona vizuri. Wiki zile zote alizohesabu magari barabarani, yale maneno ya watu juu ya Burundi ambayo alikuwa ameyasikia ingawa Honoré aliyaficha, yote hayo, na huku watu hawa wanajua. Lakini kulikuwa na swali moja lililokuwa mbele ya hasira.

"Maman Rosalie. Wakati ulitoa vile vitambaa, bafle zilikuwa namna gani? Rangi yake?"

"Nyeusi," alisema Rosalie. "Nyeusi ya kung'aa, kama mpya. Nilijisemea, huyu mutu alijua kutunza vitu."

"Nyeusi yote?"

"Yote."

"Na kisha?"

"Kisha gari ilibakia hapo uwanjani, tupu. Hakuna mutu aliyetaka kuisukuma. Ilipigwa na jua kila siku."

Honoré alisimama, akatafuta mahali pa kushika, akaketi tena juu ya magunia. Alikuwa ameelewa sawasawa na Godelive. Siku jua lilipoanza kuzila zile bafle, mikono ya Floribert ilikuwa tayari imefungwa kwa kitambaa, chini ya udongo.

"Sema na ile ingine," alisema Maman Nsimire, macho bado yamefumbwa. "Wale bamama hawakukimbia gari tupu."

Rosalie alitazama mlangoni kabla ya kujibu.

"Ilikuwa saa sita, wakati jua iko juu ya kichwa. Tuko tunageuza mpunga. Mutu mumoja akasema, nani ameingia kwa gari? Tukaangalia. Alikuwa amepiga magoti kwa kiti ya nyuma, mikono chini ya kioo. Hakutuangalia sisi. Kivuli ikianza kurefuka, hayuko. Kesho yake, saa sita, yuko. Kila siku hivyo, maman, na jua ikiwa kali, ndipo anaonekana muzuri zaidi. Wanawake wakakataa kazi. Ndipo wanaume bakafunga kamba, bakaikokota usiku bila kuangalia ndani, bakaiweka chini ya ule muti, kwa kivuli. Kule hakuonekana tena."

"Alikuwa anaangalia nini?" aliuliza Godelive.

"Njooni."

Rosalie aliwapeleka kwenye uwanja, akasimama kwenye kona moja. "Gari ilikuwa hapa. Mbele yake barabara. Nyuma yake kule." Alinyoosha mkono. Zaidi ya uwanja, baada ya mfereji wa maji, palikuwa na ardhi iliyoinuka kidogo, na pale ng'ombe wawili wa kulima walikuwa wamefungwa jembe. Nusu ya kipande kile ilikuwa imeshageuzwa, udongo mweusi umelala juu. Nusu nyingine ilikuwa bado na majani, na hapakuwa na msalaba, wala jiwe, wala kijiti.

"Iko pale?" aliuliza Honoré. "Pale banalima?"

"Mwenye shamba ametoka Uvira jana. Hajui kitu, na watu wameogopa kumuambia."

Maman Nsimire alikuwa ameshaondoka. Alivuka mfereji na viatu vyake, akapita mbele ya ng'ombe, akaketi chini kwenye majani mbele ya jembe, miguu ameinyoosha. Mwenye ng'ombe alianza kumfokea, kisha akaona uso wake, akanyamaza na kuwafungua wanyama.

Rosalie aliwaonyesha mahali penyewe. Maman Nsimire aliweka viganja vyote viwili juu ya udongo akaongea na mtoto wake kwa Mashi, lugha yao ya nyumbani, taratibu, kama anayemwamsha. Alimwambia kwamba wamemwona. Alimwambia apumzike. Honoré na wanaume wa kijiji walileta mawe kutoka kwenye mfereji, wakayapanga, wakachonga msalaba kwa mbao za masanduku. Kumhamisha haikuwezekana kwa sababu ya ugonjwa ule. Mwenye shamba, alipoelezwa, alivua kofia, akasema kipande kile hatakigusa.

Rosalie alipiga magoti mbele ya Godelive. "Utusamehe, maman."

Godelive hakuweza kusema neno la kusamehe. Alijaribu, halikuja. Alimwinua tu, akaishika ile mikono yenye pumba iliyomfunga mume wake, akaiweka kwenye mashavu yake mwenyewe, na wote wawili wakalia pale juani.

Kurudi, Maman Nsimire alipanda nyuma na kukaa pembeni, akiacha nafasi. Walipofika Kamanyola alinyoosha mkono akapapasa kiti kando yake, mara moja, mara mbili. Kisha akajinyoosha kwenye kiti chote, kichwa juu ya kikwembe, akalala hivyo mpaka Bukavu.

Matanga yalifanywa Mudaka, na misa ikasomwa. Alama zile hazikufutika siku moja. Godelive aliliacha gari wazi, bila kifuniko, mgongo wake kwa jua, na mikono ikapauka kidogo kidogo, ule wa kulia kwanza, mpaka mvua za kwanza zilipofika bafle zote zikawa rangi moja. Karatasi ndani ilikuwa imepasuka. Honoré alitaka kununua nyingine. Godelive akasema gari litakaa bila muziki. Honoré aliendelea kufundisha kemia, lakini somo la mwangaza na rangi alimwomba mwenzake amsaidie.

Kiangazi kilichofuata Godelive alishuka bondeni peke yake, akiendesha mwenyewe, kupeleka msalaba wa saruji. Rosalie alimpikia, wakala pamoja kwenye kibanda cha mashine. Nje wanawake walikuwa wakianika. Uwanja ulikuwa umejaa mpunga mpaka kwenye kingo, isipokuwa kona moja iliyokuwa tupu, pale gari liliposimama.

"Pale bado munaogopa?" aliuliza Godelive.

"Hatuogope tena," alisema Rosalie. "Tulijaribu kuanika pale. Unauweka asubuhi, unaugeuza, jioni unaukuta mubichi vile vile. Mpunga haukaukake pale."

Godelive alitoka. Ilikuwa saa sita, na ardhi ya uwanja iliunguza kupitia soli. Alikwenda mpaka kwenye ile kona, akavua viatu, akasimama juu ya udongo mtupu. Wanawake waliacha kugeuza, wakamtazama. Alikaa pale muda, amefumba macho, nyayo zake zikipata baridi.